Sista na Wale Sita

Mara ya kwanza nilipomwona Sista akilia, alikuwa akimlilia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Januari, dispensari imefungwa kwa chakula. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, viatu vyake vyeupe amevivua na kuviweka kando. Mimi nilikuwa nimeleta mapazia aliyoniagiza nishone. Nikadhani amefiwa. Nikaweka mapazia chini, nikamshika bega.

"Pole, Sista. Ni nani?"

Akanionyesha kitabu chembamba kilichokuwa mapajani mwake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mchoro wa mwanamke chini ya maji, nywele zimetawanyika, macho wazi, mashavu yamejaa hewa.

"Wamemwacha hapo," akasema. "Wamemwacha hapo, Mama Wawira, na toleo linalofuata si lake!"

Nilikuwa nimemfahamu kwa miezi michache tu, na kwa mbali, kama fundi anavyomfahamu mteja. Cherehani yangu ilikaa barazani pa duka la mbegu, ng'ambo ya barabara kutoka dispensari. Wauguzi wote kwetu huitwa sista, lakini pale Runyenjes ukisema Sista na usiongeze neno, ilijulikana ni yeye. Alitoka Meru, upande wa Nkubu. Mimi ni wa Kianjokoma. Yeye akitaka kusema "sana" alisema *mono*, mimi nikasema *muno*, na tulipokwama zaidi ya hapo tulikimbilia Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha milimani kisichojali ngeli.

Siku ile nilicheka. Sikuweza kujizuia. Mwanamke mzima, mwenye mwili, ambaye wanaume walinyamaza akipita, anamlilia katuni! Hakukasirika. Alifuta macho kwa kitambaa cha mapazia yangu mapya, akaniambia nikae, akaanza kunieleza tangu mwanzo. Nilichelewa kurudi kazini saa nzima. Ijumaa iliyofuata ni mimi niliyevuka barabara nikamuuliza, "Sasa yule mama je?"

Komiki yenyewe ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Sisi tuliiita Wale Sita. Walikuwa watu sita wenye nguvu zisizo za kawaida, wakiulinda mji mmoja wa kando ya mto. Majina yao Sista aliyabadilisha yote, kwa sababu alisema huwezi kumhurumia mtu ambaye jina lake linakuuma ulimi. Mbebaji aliweza kuinua mzigo wowote duniani, mradi uwe wa mtu mwingine. Mzigo wake mwenyewe ulimshinda. Mapacha walihesabiwa wawili: mmoja aliona mbali, mwingine alisikia mbali, na ukiwatenganisha mmoja anakuwa kiziwi na mwingine kipofu. Mzee wa Mvua alifuatwa na mvua kila aendapo. Binti wa Milango alipita kwenye mlango wowote uliofungwa, ila uliokuwa wazi ulimrudisha nyuma. Na wa sita alikuwa Mama Pumzi. Akizuia pumzi, dunia yote inasimama, risasi inaning'inia hewani, moto unaganda. Akipumua tu, kila kitu kinaendelea.

Taabu ilikuwa namna walivyosimuliwa. Kila toleo lilimfuata mmoja au wawili kati yao, likawafikisha mahali pa hatari, likawaacha. Toleo la pili lilienda kwa mwingine, la tatu kwa mwingine, na mtu wako angeweza kuning'inia matoleo matano kabla hawajamrudia. Kwa wenye maduka ya vitabu huko nje, hiyo ilikuwa miezi mitano. Kwetu ilikuwa hadi Mungu apende. Komiki zililetwa na mzee mmoja aliyeuza vitabu vya mitumba Embu mjini, ametandika gunia chini kando ya soko. Alizipata Nairobi ndani ya marobota, bila mpangilio wowote. Leo la ishirini na tisa, mwezi ujao la kumi na nne, kisha hakuna kitu kwa majuma manane.

Kwa hiyo Sista alikuwa na daftari. Aliandika kila mmoja wa Wale Sita ameachwa wapi, kwa mwandiko uleule wa kwenye kadi za wagonjwa. Nililiona mara nyingi. "Mama Pumzi. Yuko chini ya maji, mguu umebanwa na mnyororo. Fahamu: anayo. Hali: mahututi. Kurudi: haijulikani."

Hakuwa mtu wa kungoja. Alitembea kama mtu anayeitwa. Chai aliinywa ikiwa moto wa kuunguza kwa sababu hakuweza kusubiri ipoe, na alikuwa na msemo wa kila jambo la haraka. Sindano ya pole ndiyo inayouma. Jipu halingoji Jumatatu. Habari mbaya ikikaa inaoza. Huo wa mwisho aliusema zaidi ya yote, na aliuishi. Mtu akija na mtoto aliyekwisha kukata roho njiani, wengine wangezungukazunguka, wamwambie mama aketi, wamletee maji. Sista alimshika mikono miwili akamwambia palepale mlangoni, akabaki amemshika. Wapo waliomwita katili. Lakini niliona wanawake haohao wakirudi kwake na mimba iliyofuata, na si kwa mwingine.

Hata hivyo, mtu huyohuyo asiyengoja alikuwa na sheria moja kwa Wale Sita: huruhusiwi kufungua ukurasa wa mwisho. Nilijaribu mara moja, akanipiga mkono kama mtoto.

"Wewe! Unataka kujua kabla yao?"

"Kabla ya nani, Sista? Hawa ni wino."

"Wino haujui kama ni wino," akasema, akafungua ukurasa wa kwanza.

Alinisomea akitafsiri, kidole chake kikitembea kwenye picha. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita. Yeye hakutafsiri neno kwa neno. Aliwapa watu wale sauti. Mbebaji alizungumza kama wazee wa Nkubu, taratibu, akimeza mate. Mapacha waligombana kama wauza ndizi. Wagonjwa kwenye foleni walianza kusogea karibu na dirisha, kwanza mmoja, kisha foleni nzima, na baada ya muda ikawa mtu hawezi kusema amekwenda dispensari bila kuulizwa habari za Wale Sita.

Sasa hapo palitokea jambo ambalo mpaka leo watu wa rika langu wanalicheka. Mama mmoja mzee kutoka mashambani alikuwa ameleta mjukuu kwa chanjo. Akasikia katikati, hakusikia mwanzo. Jumapili kanisani, wakati wa kutoa mahitaji ya maombi, akasimama na leso yake akasema kuna mama amebanwa na mnyororo ndani ya maji tangu Januari, na serikali haijatuma hata mtu mmoja. Kanisa zima likaguna kwa huruma. Mchungaji akauliza ni maji gani. Yule mzee akasema hajui, labda ni Tana, lakini Sista anajua. Vichwa vyote vikamgeukia Sista. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, nikauma mdomo mpaka nikahisi damu.

Sista alisimama. "Ni kweli," akasema. "Tumwombee."

Akaombewa. Tulipotoka nje nilimwambia, "Sista, umedanganya kanisa." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimedanganya wapi? Kwani ametoka?"

Usidhani alikuwa mtu wa furaha. Watu waliomsikia akitoa zile sauti dirishani walidhani hivyo. Mimi niliyepanga chumba kilichopakana na chake nilijua zaidi. Alikuwa na friji ya mafuta ya taa ya kuhifadhia chanjo, na friji ile aliihofia kuliko shetani. Jumapili mchana, nguo za kanisani bado mwilini, alikuwa akivuka barabara kuangalia kama moto wake ni wa samawati au wa manjano. Akirudi, alikaa dakika kumi, akavuka tena. Alikuwa na binti mmoja, Kendi, aliyesoma bweni upande wa Chuka. Mvua ikinyesha Chuka, Sista alijua. Barua ya Kendi ikichelewa siku mbili, ugali ulimshinda. Alikuwa hodari kwa hofu za wengine. Zake hazikuwa na mtu wa kuzipiga sindano.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alikufa mwaka mmoja kabla sijamfahamu Sista, baada ya kukohoa na kukonda miezi minane. Kwao walisema ni kifua. Mimi nilisema ni kifua. Miaka ile kila mtu alikuwa na jina lake la kuuita ule ugonjwa, mradi asiutaje. Kisha upele ukanitoka mkononi, madoa madogo yaliyowasha na kukataa dawa, nikaanza kujiamsha alfajiri kuyahesabu. Wawira alikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nikimfunga vifungo vya sweta asubuhi, najiuliza nani atamfunga.

Sista ndiye aliyenivuta ndani. Alikuja barazani, akazima redio ya mwenye duka la mbegu bila kuomba ruhusa, akasema, "Umeacha kuuliza habari za Wale Sita."

"Nina kazi nyingi."

"Lete mkono."

Aliyaangalia madoa. Hakusema ni kitu au si kitu. Akasema, "Tutapima. Damu itakwenda maabara kubwa, majibu yatarudi wiki tatu au nne. Mimi nitakuambia, si mwingine. Na nitakuambia siku yatakapofika."

Alinitoa damu siku ya Jumatatu. Nakumbuka kwamba vile vichupa vya damu kwenye kisanduku vilikuwa viwili, na nilidhani kingine ni cha mgonjwa mwingine. Nakumbuka pia kwamba kidole chake cha shahada kilikuwa na plasta. Sikuuliza. Mtu mwenye hofu yake haulizi kuhusu plasta za watu.

Wiki tatu zile nilishona vibaya kuliko wakati wowote maishani mwangu. Niliweka mikono ya sare ya shule kinyume. Mama mwenye sare alipoirudisha aliona uso wangu, akaikunja tena akaondoka nayo. Sista alinisomea kila jioni, hata matoleo tuliyoyajua kwa moyo. Lakini sauti zake zilikuwa zimefifia. Mapacha walizungumza kama mtu mmoja. Mara mbili alisoma ukurasa uleule bila kujua, nami nikamwacha.

Wiki ya nne ikapita. Kisha nikaona jambo. Sista, ambaye miaka yote alipita mbele ya cherehani yangu kwenda sokoni, alianza kupitia nyuma, kwenye kinu cha kusaga mahindi, anapakwa unga mpaka kichwani. Jioni alisema ana kichwa, hasomi. Nilipomgongea alijibu bila kufungua.

Nilielewa nilivyoelewa. Nilimwandikia dada yangu Kianjokoma barua, nikamwomba amchukue Wawira ikibidi. Niliandika vitu ambavyo mtoto anapenda kula na vile ambavyo hapendi. Niliikunja barua nikaivaa kifuani siku mbili. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa, nilivuka barabara, nikapita watu wote, nikaingia chumba cha sindano.

"Yamekuja lini?" nikauliza.

Alikuwa ameshika bomba la sindano. Akaliweka chini kwenye sinia, polepole sana. Sijawahi kumwona akifanya kitu polepole.

"Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Hiyo ni siku tisa, Sista."

"Najua."

"Uliniambia siku yatakapofika. Uliniambia habari mbaya ikikaa inaoza. Mimi nimemwandikia dada yangu barua!"

"Sijasoma," akasema.

Sikumwamini. Akafungua droo, akatoa bahasha ya kahawia. Ilikuwa imegundishwa bado, kingo zimechafuka kwa kushikwashikwa. Akaniwekea mkononi, akageuka akatazama ukutani, penye picha ya namna ya kunyonyesha mtoto.

"Fungua wewe," akasema. "Mimi imenishinda."

Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya juu ilikuwa na jina langu. Nilisoma Kiingereza changu cha darasa la sita, nikakisoma mara tatu, nikamshika Sista begani nimgeuze anisomee. Akasoma. Akasema, "Huna. Mama Wawira, huna," nami nikakaa juu ya debe la takataka.

Ni baada ya kukaa ndipo niliona ile karatasi ya pili bado ninayo. Niliitazama. Jina: Mama Pumzi. Umri: miaka arobaini na mmoja.

Hapo mambo mengi yalijipanga kichwani mwangu kwa mara moja: plasta, vichupa viwili, unga wa kinu. Alikuwa ameketi sakafuni kando yangu, Sista, na gauni lake jeupe.

Alinieleza kwa maneno machache. Alikuwa akimshona mtu aliyejikata kwa panga, glavu zimechemshwa mara nyingi hata zimekuwa kama maganda ya vitunguu, sindano ikapenya kidoleni mwake. Mtu yule alikuwa na ule ugonjwa. Sista alijua kwa macho, na baadaye ikathibitika. Kwenye maabara kubwa kila mtu alimjua. Angeandika jina lake, kabla ya wiki moja kuisha kila muuguzi wa mlima huu angejua. Kwa hiyo aliandika jina la pekee lililomjia.

"Nikifungua yako ilikuwa lazima nifungue yangu," akasema. "Zilikuwa bahasha moja. Nisamehe. Nilikuacha ndani ya maji siku tisa."

Ningependa kusema nilimsamehe pale pale. Nilikuwa na hasira bado. Lakini alikuwa amefumba macho, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

"Niisome?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Niliisoma herufi kwa herufi, kama mtoto. Ilisema kwamba kwa sasa hakuna kilichoonekana, na kwamba kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu. Nje, mtu kwenye foleni aligonga dirisha akauliza kama leo kuna sindano au hakuna. Sista akainuka, akajipangusa, akasema, "Kuna. Nani wa kwanza?"

Miezi mitatu. Nilikwishavuka, nilikuwa upande wa pili, na bado sikulala. Nilikuwa nikimwona akisimama katikati ya jambo, kijiko hewani, akisikiliza mwili wake. Kila kikohozi chake nilikisikia kupitia ukuta, nami nikahesabu. Alipunguza uzito kwa sababu ya hofu, kisha akahofu kwa sababu amepungua uzito. Nikampunguzia gauni kiunoni bila kusema, nikampa. Akalivaa bila kusema. Alisema Wale Sita wapumzike kwanza, hawezi kungoja watu wawili kwa wakati mmoja. Lakini aliniomba kitu kimoja: nikienda Embu kununua nyuzi, nipitie kwa yule mzee wa vitabu, na likipatikana toleo la Mama Pumzi, nilisome mimi kwanza. "Kama ametoka, niletee. Kama bado, usiniambie kitu."

Hakusema nifanye nini kama jibu ni la tatu.

Toleo lilipatikana wiki ya saba. Mzee wa vitabu alikuwa ameniwekea chini ya gunia, akanipa akitabasamu, maana alijua tulivyolitafuta. Nililisoma nyumbani kwa siku mbili, kamusi ya kuazima kwa mwalimu wa Wawira ikiwa kando. Nilitumaini nimeelewa vibaya. Nikarudia. Picha hazihitaji kamusi. Mama Pumzi alizuia pumzi mpaka watu wote wa mji ule wakavuka daraja lililokuwa likianguka. Kisha hewa ikamwishia. Wale wengine watano walisimama kando ya mto. Mvua ilinyesha, na kwa mara ya kwanza haikumfuata yule mzee. Ilimnyeshea kila mtu.

Nilililaza toleo lile chini kabisa ya sanduku la vipande vya vitambaa. Sista aliponiuliza nilisema halijaletwa. Aliuliza tena. Nilisema halijaletwa. Nilishangaa jinsi uongo ulivyokaa mdomoni mwangu bila taabu. Kila Jumatano nilijiambia ni Jumatano hii nitamwambia, na kila Jumatano niliona mikono yake ilivyokonda.

Mara ya pili alipopimwa tulikwenda wote, hospitalini Embu, na siku ya majibu tulikwenda wote. Alikataa kuandika jina lolote isipokuwa lake mwenyewe. "Nimechoka kujificha nyuma ya mwanamke anayezama," akasema. Daktari kijana alimfungulia karatasi mbele yetu. Hakuwa nayo. Hakuwa nayo kabisa. Sista akamshukuru, akamwuliza mbona mikono yake ni michafu hivyo, akatoka nje. Kwenye nyasi za nyuma alijilaza chali kwa gauni jeupe, watu wakipita, akatazama juu kwa muda mrefu. Nikaketi kando yake nikala ndizi mbili, kwa sababu nilikuwa na njaa ghafla, njaa ya miezi.

Jioni ile nilimpa toleo. Alilisoma amesimama barazani pangu, kutoka ukurasa wa kwanza, bila sauti. Alipomaliza akalifunga.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tisa."

Niliona hasira ikipanda shingoni mwake, kisha nikaiona ikishuka. Alinitazama kana kwamba ananipima mapigo.

"Basi tuko sawa," akasema. Akaenda kuangalia friji.

Katika daftari aliandika mwenyewe. Niliona baadaye. Aliandika neno moja tu analoandika muuguzi kadi ikifungwa, akaweka saa na sahihi. Tuliendelea kuwafuata watano waliobaki kwa miaka mingine miwili, lakini Sista hakumpa mtu yeyote kati yao tena sauti nzuri kama ile aliyompa yule. Kisha mzee wa vitabu akaacha kuonekana sokoni. Wengine walisema ameugua, wengine amerudi kwao. Mbebaji tulimwacha mlimani na mzigo ambao hatujui ulikuwa wa nani. Na mwaka huohuo Sista akapata uhamisho, akapelekwa Kiambere, chini kwenye joto, karibu na bwawa. Dispensari ya Runyenjes ikapata muuguzi mwingine, mpole, mwenye subira. Watu walimlalamikia kwamba hana mkono wa sindano.

Nilimwona Sista tena mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Nilikuwa nimeenda Embu kununua zipu, nikapitia hospitalini kumwona jirani aliyelazwa, na kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji nikaona mwanamke amekaa wima, mkoba umekumbatiwa. Jua la Kiambere lilikuwa limemkausha na kumtia weusi. Sikumjua mpaka aliponigeuzia uso.

"Ni Kendi," akasema, bila salamu. "Mtoto amekaa vibaya tumboni. Wamemwingiza saa tano."

Ilikuwa inakaribia saa nane. Nikaketi. Alikuwa amejaribu kuingia na wakamtoa, akawaambia amekuwa sista miaka ishirini na sita, wakamwambia hapa yeye ni mama wa mgonjwa, akae. Alinieleza kila kitu kinachoweza kuharibika kwa mwanamke aliyepasuliwa, kwa mpangilio, kwa majina yake. Nilimwambia anyamaze. Akanyamaza, kisha akaendelea kwa kunong'ona. Hatukuwataja Wale Sita hata mara moja. Nilimshika mkono, nikaukuta baridi kama chuma cha cherehani asubuhi ya Julai, na tukakaa hivyo mpaka mlango ukafunguliwa.

Daktari alikuwa mwanamke. Alisema ni msichana, mama ni mzima, damu ilipotea kidogo lakini imedhibitiwa. Sista akasimama, akauliza maswali matatu ya kazi, akajibiwa yote, akasema asante daktari. Kisha akatembea hadi kwenye bomba la maji uani, akaegemea ukuta. Nikamfuata.

"Nilidhani nikisikia hivyo itaisha," akasema, akigusa kifua. "Haijaisha. Sasa wako wawili, Mama Wawira."

Mtoto wangu mwenyewe alikuwa bweni tayari.

Walipotuita tuingie, nilisema mimi si wa ukoo. "Nani amekuuliza?" akasema Sista, akanivuta. Kendi alikuwa amelala, midomo imekauka, akitabasamu nusu. Sista alimgusa paji la uso, akamwangalia kope za macho, akatazama chupa ya maji na mkono ilipoingia sindano. Kisha akamchukua mtoto. Akamfungua shuka lote, akamhesabu vidole, akamgeuza, akamfunga tena. Halafu akainama, akamwekea sikio kifuani.

Alikaa hivyo. Muuguzi wa zamu alipita, akarudi, akapita tena. Nje mtu alikuwa akiita jina la mtu.

"Mama," akasema Kendi kitandani, "daktari ameshasikiliza."

"Najua," akasema Sista, na hakuinua kichwa.